Jenerali Niandikie

Jalwara, India, 20 Oktoba 1912

Mvua ya Agosti haikuja, ya Septemba haikuja, na sasa msimu wa baridi umeanza huku vumbi likituingilia mpaka ndani ya bakuli la sukari. Nimefungua daftari jipya kwa sababu huu ni msimu wetu wa mwisho wa kungoja. Aubrey ana miaka hamsini na sita. Kabla ya Aprili ama watampa divisheni na kumfanya Meja Jenerali, ama watamwandikia barua ya shukrani na kumrudisha kwetu Cornwall, Uingereza, akapande kabichi. Hakuna la tatu.

Kazi yake yote naweza kuikariri kama sala. Chuo cha jeshi cha Woolwich akiwa kijana hana hata ndevu. Burma. Milima ya mpakani mara mbili. Risasi moja ya paja, medali nane, brigedi hii ya Jalwara kama Brigedia Jenerali kwa miaka mitatu. Na katikati ya yote hayo mizinga, mizinga, mizinga.

Mizinga ndiyo iliyomla masikio. Basi, nimeandika. Mume wangu ni kiziwi, na tangu mwaka wa 1908 tunajua hivyo watu watatu tu: yeye, mimi na Ghulam Nabi, askari wake wa siku nyingi.

23 Oktoba

Chakula cha jioni kwa watu kumi na wanne. Nikigusa mkufu, Aubrey anasema "naam". Nikifungua upepeo wangu, anasema "hata kidogo". Mke wa kanali mmoja alimweleza kifo cha mbwa wake, mimi nikawashwa na shingo, nikagusa mkufu. "Naam!" akasema Aubrey, uso umemchangamka. Mama wa watu alinyamaza mpaka keki ilipoletwa.

2 Novemba

Leo nimesikia jina la utani walilompa Aubrey. Kapteni Rafferty, msaidizi wake, Mwairishi mwenye mdomo usio na kufuli, alikuwa akiongea na wenzake nje ya ofisi.

"Peleka kwa Jenerali Niandikie," alimwambia mmoja. "Ukimwambia nyumba inaungua atakwambia, 'Niandikie.'"

"Na nakala mbili," mwingine akadakia.

Nilijikohoza. Rafferty akawa mwekundu kama nyanya. Nilimwambia, "Kapteni, usione haya. Mimi mwenyewe alipotaka kunioa nilimwambia aandike."

Wanadhani ni mtu wa sheria, mtu wa karatasi, asiyeamini neno la mdomo la mtu yeyote. Na kweli barua zake zote zina tarehe na saini, ofisi yake husifiwa mpaka makao makuu, Simla. Hawajui kwamba mtu asiyesikia hana njia nyingine. Husema "niandikie" kama vile kipofu anavyosema "nishike mkono".

3 Novemba

Vumbi.

11 Novemba

Bei ya mtama imepanda tena. Ghulam Nabi anasema mjini wanawake wanauza bangili. Wenye maghala wamefunga milango wakingoja ipande zaidi. Bwana Prideaux, mkuu wa wilaya, alikuja kunywa chai. Ana miaka ishirini na tisa, ana akili, anacheza tenisi vizuri na nampenda kama ningempenda mdogo wangu. Lakini leo alisema jambo ambalo sikulipenda.

"Wakileta fujo, Bibi Penhallow, dozi moja ya risasi itawatuliza mwaka mzima. Babu yangu alikuwa akisema hivyo."

"Babu yako alikuwa mwanajeshi?"

"Alikuwa padri."

Aubrey alitabasamu na kusema "naam". Sikuwa nimegusa mkufu. Nilitamani kumtupia kikombe.

19 Novemba

Ghulam Nabi ana kipele mkononi, nikampaka dawa. Ndiye anayetembea kushoto kwa farasi wa Aubrey. Aubrey husoma midomo; mtu akisema jambo asipomtazama, Ghulam Nabi hubonyeza buti lake mara moja: geuka, unasemeshwa. Akibonyeza mara mbili: ni jambo kubwa. Zamani nilimwonea wivu. Niliona kama ana siri nyingi na mume wangu kuliko mimi. Leo nimemwona mzee tu, magoti yamekwisha.

"Memsahibu," akaniambia, "mimi na Jenerali Sahibu tumekula baruti sufuria moja miaka ishirini na miwili. Yeye ilimwingia masikioni, mimi magotini. Tukiunganishwa anapatikana mtu mzima mmoja."

30 Novemba

Hakuna mvua. Hakuna barua kutoka Simla.

6 Desemba

Hakuna mvua. Barua ya Simla inasema majina ya Mameja Jenerali yatajulikana mwezi ujao. Aubrey ananyoa mara mbili kwa siku.

10 Desemba

Nisipoandika leo nitakuja kujidanganya baadaye.

Jana asubuhi sisi wanawake tulikusanywa nyumbani kwa Prideaux, ng'ambo ya uwanja wa maghala, kwa usalama. Usalama gani, sijui, maana watu walikuja hapohapo. Nilipanda juu ya paa. Nilihesabu mpaka mia nne nikaacha. Hawakuwa na silaha. Walikuwa na vikapu. Wanaume mbele, wanawake nyuma yao, na wengine wamebeba watoto kiunoni. Walikuwa wakiusukuma mlango wa ghala la Lala Bhagmal, mfanyabiashara wa nafaka, na mlango ulikuwa ukilia.

Aubrey alikuja na askari sitini, akawapanga safu mbili. Yeye juu ya farasi, Ghulam Nabi kushoto kwake, Rafferty kulia.

Sheria yetu ni hii: jeshi haliwapigi risasi watu wa mjini mpaka mkuu wa wilaya atake. Desturi ni kwamba ataandika na kutia saini, lakini mambo yakiharibika neno la mdomo linatosha. Maofisa wote wanalijua hilo, na Aubrey analijua kuliko wote.

Kutoka juu ya paa sikusikia neno. Makelele yalikuwa mengi mno. Kwa mara ya kwanza nilikuwa kama mume wangu: niliona midomo tu. Nilimwona Prideaux akija mbio kutoka upande wa kushoto, kofia hana, jiwe limempasua nyusi, damu usoni. Akapaaza sauti. Aubrey alikuwa akiutazama mlango. Prideaux akapaaza tena, mkono akiunyoosha kwa watu. Safu ya mbele wakainua bunduki wenyewe, bila amri, kwa sababu wao walisikia. Mara ya tatu Prideaux alimshika farasi hatamu, na hapo Aubrey akageuka, akamtazama usoni kwa utulivu, uso uleule wa mezani. Nikaona mdomo wake. Neno hilo nalijua hata gizani.

"Niandikie."

Na akanyoosha mkono, kiganja wazi, akingoja karatasi.

Prideaux alijipapasa mifuko. Hakuwa na kalamu. Rafferty akampa kalamu ya risasi, ikavunjika ncha. Alichukua kisu akaanza kuichonga, katikati ya watu mia nne, na askari sitini bunduki begani wakingoja achonge. Sijawahi kuona jambo refu kama lile.

Ndipo dirisha la juu la ghala likafunguka. Lala Bhagmal alikuwa ameziona bunduki, na alikuwa ameona kwamba zinaelekea mlangoni kwake, na nyuma ya mlango ni yeye. Akatupa funguo. Zilianguka katikati ya watu, na mwanamke mmoja akaziokota.

Baada ya nusu saa watu walikuwa wamejipanga foleni ya mtama. Prideaux alikuwa amekaa chini kwenye vumbi na karatasi yenye maneno matatu: "Nakutaka uwapige risasi". Saini haikuwepo. Aubrey aliichukua, akaisoma, akaikunja mfukoni. Hakuna aliyekufa. Hakuna hata mmoja! Nilikaa juu ya paa nikalia kama mtoto.

11 Desemba

Klabu nzima inamsifu. "Moyo wa barafu." "Sheria ni sheria." Rafferty anasimulia habari ya kalamu kwa kila mtu, na kila mara kisu kinazidi urefu.

Nilimuuliza Aubrey, ana kwa ana, taratibu: ulijua alichokuwa akitaka? Akasema bila shaka. Nimeishi naye miaka thelathini na moja. Alinidanganya.

26 Desemba

Jana mchana chakula cha Krismasi. Prideaux aliinuka na glasi, kovu jipya juu ya jicho. Amekonda.

"Nataka kusema mbele ya wote," alisema. "Nilimwambia Jenerali 'pigeni' mara tatu. Mara tatu! Nilikuwa na hofu na hasira, na nilikuwa nimemwona mtu aliyenirushia jiwe. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekosa hesabu, akaniambia niandike. Nilipoanza kuandika, mkono wangu ulikataa. Jenerali, ulinizuia nisiwe muuaji. Sitaweza kukulipa kamwe."

Alikuwa amesimama mbele yetu kabisa, kwenye mwanga, anasema polepole kwa sababu ya kilio. Aubrey aliona kila neno. Nilikuwa nikiutazama uso wake na nikaona neno "mara tatu" likiingia. Divai yake ilimwagika mezani. Watu wakapiga makofi, wakadhani ni unyenyekevu. Daktari Strachan peke yake, yule Mskoti mkuu wa hospitali, hakupiga makofi. Alikuwa akimtazama Aubrey huku akitafuna taratibu.

Namsamehe Prideaux habari ya babu yake. Mtu anayeweza kusimama na kusema vile si mtu mbaya.

3 Januari 1913

Leo nilimkuta Ghulam Nabi akipiga buti rangi barazani. Nikamuuliza moja kwa moja.

"Ulikuwa kushoto kwake. Prideaux alitokea kushoto. Hukumbonyeza?"

Aliendelea kupiga rangi. "Memsahibu anauliza kama Memsahibu, au kama mke wa Jenerali?"

"Nauliza kama mtu."

Akaliweka buti chini. "Mkono ulikuwa juu ya buti. Sikuubonyeza."

"Hukusikia?"

"Nilisikia zote tatu. Hata marehemu walisikia." Kisha akasema, "Mke wa mwanangu alikuwa safu ya pili. Na mjukuu wangu kiunoni."

Nikamuuliza, "Na kama wasingekuwepo?"

Alifikiri sana. Nashukuru kwamba alifikiri. "Ningependa kukuambia nisingebonyeza vilevile," akasema. "Lakini nimekuwa askari tangu sijaota ndevu. Sijui, Memsahibu. Wallahi sijui."

Moyo wa barafu! Ulikuwa mkono wa babu mmoja uliokataa kusogea, na kalamu mbovu, na mfanyabiashara mwoga. Mimi miaka minne nimekuwa nikijiambia kwamba tunaficha jambo dogo, aibu ya nyumbani, kama jino bandia. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Lakini vifo hivi visingekuwa vyetu.

Sitamwambia Aubrey habari ya mkono. Hiyo ni siri ya Ghulam Nabi, na kwa namna alivyoniangalia nilielewa kwamba ameniwekea maisha yake mikononi.

14 Januari

Barua imekuja. Divisheni ya mpakani, kaskazini. Askari elfu kumi na mbili, na vijiji vya milimani visivyohesabika. "Kwa utulivu wa pekee ulioonyeshwa Jalwara." Bado uchunguzi wa madaktari tu, tarehe 20 Februari, hapahapa kwa Strachan.

Aubrey alinikumbatia. Harufu ya sabuni ya kunyolea. Miaka arobaini ameingoja karatasi hii. Na mimi? Nitasema kweli. Kabla ya kufikiri lolote nilifikiri, "Sasa yule mke wa kanali atanisalimu kwanza yeye." Nimejionea haya siku nzima.

25 Januari

Hakuna mvua.

1 Februari

Anajifunza kwa ajili ya madaktari. Strachan kila mwaka huuliza maswali yaleyale kwa mpangilio uleule: usingizi, paja, tumbo, choo, macho, masikio. Aubrey ana jibu la kila moja. "Kama mtoto." "Huuma kukiwa na baridi tu." La masikio ni "kama ya sungura." Anasimama mbele ya kioo akiyasema.

Aliniomba nisimame pale kama Strachan. Nilikataa. Mara ya kwanza kumkatalia jambo la kazi. Alitoka akaenda kutazama farasi.

7 Februari

Nilikwenda kwa Strachan niseme. Nilikunywa chai vikombe vitatu. Tukaongea habari za waridi. Nikarudi.

Najua ni uoga. Ningemwambia, ningekuwa nimemuua Aubrey kwa mkono wangu, na yeye hakunihukumu mimi hata siku moja. Nisipomwambia, kuna kijiji huko milimani chenye watu nisiowajua. Nimelala na mawazo haya kama na kichomi.

12 Februari

Nilimwambia wakati wa kifungua kinywa. Nilikaa mbele yake, mwanga usoni kwangu, nikayatengeneza maneno vizuri kwa mdomo: "Hukumsikia Prideaux."

Aliacha yai lake. Nilidhani atakasirika. Akavuta kalamu, akaandika nyuma ya bahasha ya barua ileile ya divisheni, akanisogezea. Aubrey, anayewaambia wote wamwandikie, aliniandikia mimi.

"Nilidhani ananiomba kalamu. Nilisema nisemalo siku zote. Sijalala vizuri tangu Krismasi. Kama angekuwa akisema 'acheni', nisingesikia pia."

Nikamshika mkono. Alikuwa analia na hakujua kama analia kwa sauti. Alikuwa analia kwa sauti.

"Basi usiende," nikasema.

"Ni miaka arobaini, Connie," akasema. "Ni kitu gani kingine nilichofanya?"

Yai lilipoa.

19 Februari

Bado anasimama mbele ya kioo. "Kama mtoto. Kukiwa na baridi tu." Sikio la kufa halisikii dawa, na hili halikusikia hata mizinga. Kesho nitakaa nje ya dirisha la Strachan. Akisema "kama ya sungura", nitaingia ndani niseme yote, na Mungu anisaidie.

20 Februari

Mawingu tangu alfajiri, mazito, meusi kaskazini yote.

Madaktari watatu, Strachan katikati. Dirisha lilikuwa wazi na nilisikia kila kitu, mimi mwenye masikio. Ghulam Nabi alikuwa amechuchumaa karibu na farasi, naye ametega.

"Unalala vipi?"

"Kama mtoto."

"Na paja?"

"Huuma kukiwa na baridi tu."

"Tumbo?"

"Hata misumari lingesaga."

Kisha Strachan akajifuta masharubu na leso, mdomo umefichika wote, na akasema, "Connie hajambo?"

"Kila asubuhi kabla ya chai," akajibu Aubrey, sauti ya gwaride, "na laini kabisa."

Daktari mmoja aliangusha kalamu. Ghulam Nabi aliweka uso ndani ya kilemba. Na mimi, Mungu anisamehe, siku ya hukumu yetu, nilijibana mdomo kwa mikono miwili ili nisicheke. Strachan mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, sasa uso wazi, polepole, ili kila neno lionekane: "Jenerali ana utani leo. Ni utani, Aubrey, siyo?"

Ulikuwa mlango. Alimfungulia rafiki yake mlango mpana kabisa. Aubrey angesema "naam", wangecheka wote, wangetia saini, tungekuwa tunafunga masanduku ya kwenda kaskazini.

Nilisimama. Nilikuwa nimeshashika ukingo wa dirisha.

"Hapana," akasema Aubrey. "Si utani. Sikusikia swali lako. Sijasikia swali la mtu yeyote kwa miaka minne. Ningeomba mliandike hilo, na tarehe, na nitatia saini."

Mmoja wao akaanza kusema habari ya siku ile ya ghala, kwamba bila shaka siku ile alisikia. Aubrey aliona midomo. "Siku ile hasa," akasema. "Nimeleta karatasi." Akatoa mfukoni ile ya Prideaux, yenye maneno matatu na bila saini, akaiweka mezani. "Nilimjibu mtu ambaye sikumsikia. Safari hii Mungu alikuwa upande wetu. Safari nyingine asipokuwa, msinitume mimi."

Strachan akamjia na kumshika bega. "Nimejua tangu Krismasi, mzee wangu," akasema. "Nilitaka uniambie mwenyewe."

"Eti?" akasema Aubrey.

21 Februari

Mvua imenyesha tangu asubuhi, ya kweli, ya kutoboa ardhi. Jikoni wanaimba. Rafferty alikuja amelowa chapachapa kusema pole, hakujua aanzie wapi, akaishia kumwandikia Aubrey kwenye karatasi: "Kumradhi kwa lile jina." Aubrey aliisoma. "Ni jina zuri kuliko yote niliyopewa," akamwambia, "na wewe ndiye mtu wa kwanza aliyeniandikia bila kuombwa."

Hakuna divisheni. Hakuna atakayenisalimu kwanza. Meli ni mwezi ujao. Natafuta mahali panaponiuma sipaoni. Nimepumua leo mpaka chini kabisa ya mapafu, nadhani kwa mara ya kwanza tangu 1908.

Alasiri Aubrey alisimama barazani akitazama mvua, kanipa mgongo. Nikakumbuka kwamba miaka minne sijapaza sauti kwa mume wangu, wapishi wasije wakajua. Tumeishi kama wezi ndani ya nyumba yetu, tukisemeshana kwa midomo isiyo na sauti. Sasa wanajua wote. Basi nikavuta pumzi, nikashika meza, nikapiga ukelele kwa sauti yote niliyojaliwa, mpaka jikoni nyimbo zikakatika na farasi wakaruka bandani:

"AUBREY! NAKUPENDA, MZEE WEE!"

Akageuka, amekunja uso kama mtu aliyeamshwa.

"Nimekusikia," akasema. "Unanipigia kelele za nini?"